Jezi ya Chuo na Shahada ya Chuo: Mafunzo kutoka El Paso

Kila muhula gazeti letu huchapa matokeo ya michezo: nani alifunga, nani alikimbia mbele ya wenzake, na kombe limekwenda bweni gani. Habari hizo twazisoma kwa furaha, lakini ni mara chache tunajiuliza swali lililo nyuma yake. Timu ya shule au ya chuo ni ya nani? Ni ya wachezaji, au ya watazamaji, au ya wakubwa wanaoitunza? Na mchezaji akishamaliza miaka yake na kuivua jezi, hubaki na nini?

Katika somo hili tutayatafuta majibu kwa kuangalia chuo kikuu kimoja cha Marekani, Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso. Nimekichagua kwa sababu mbili. Kwanza, historia ya timu zake ina mambo ya kusifiwa na mambo ya kusikitisha, na yote mawili yanafundisha. Pili, vijana wengi wa Afrika ya Mashariki walipita hapo, wakavaa jezi yake na kukiletea vikombe. Kwa hiyo habari hizi ni zetu pia.

1. TIMU YA CHUO NI NINI?

Katika vyuo vya Marekani kuna michezo ya namna mbili. Iko michezo ya kujifurahisha, ambayo kila mwanafunzi aweza kushiriki jioni baada ya masomo. Na iko timu ya chuo, ambayo wachezaji wake huchaguliwa na kocha, huvaa rangi za chuo, na kwenda kushindana na vyuo vingine. Timu hiyo ya kwanza Wamarekani huiita varsity. Neno hili lilitokana na watu kulikata neno university, yaani chuo kikuu, na kulitamka kwa namna ya zamani.

Kuingia katika timu hiyo si jambo dogo. Kwa miaka mingi, hata mwaka 1972, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hakuruhusiwa kuchezea timu ya kwanza katika mpira wa kikapu. Alifanya mazoezi na wenzake wa mwaka wake, akatazama wakubwa wakicheza, naye akangoja zamu yake. Mchezaji aliyetumika vizuri hupewa herufi ya chuo, iliyokatwa kwa kitambaa, aishone kwenye koti lake. Herufi hiyo haiuzwi dukani. Anayeivaa ameitolea jasho.

Liko jambo jingine kubwa zaidi ya herufi. Vyuo vingi huwapa wachezaji wazuri msaada wa masomo, yaani chuo huwalipia karo, chakula na malazi, nao huchezea timu. Hayo ni mapatano ya pande mbili. Chuo kinapata miguu na mikono ya kijana, na kijana anapata elimu. Msomaji ayaweke mapatano haya moyoni, kwa maana ndiyo kipimo tutakachotumia mpaka mwisho wa somo hili.

Mashindano ya vyuo husimamiwa na chama kiitwacho NCAA, kilichoanzishwa mwaka 1906. Chama hiki ndicho kinachotunga kanuni na kuandaa ubingwa wa taifa katika michezo mingi.

2. CHUO CHA WACHIMBA MADINI

Mji wa El Paso uko katika pembe ya magharibi ya jimbo la Texas, ukingoni mwa mto Rio Grande. Ng'ambo ya mto ni nchi ya Meksiko, na mji wa Ciudad Juárez. Ni nchi kavu yenye milima mitupu na jua kali, na mji wenyewe uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari.

Chuo kilifunguliwa hapo mwaka 1914 kiwe shule ya kufundisha uchimbaji wa madini na ufuaji wa chuma na metali nyinginezo. Kwa hiyo wachezaji wake waliitwa Miners, maana yake wachimba madini, na jina hilo wanalo hata leo, ingawa chuo sasa kinafundisha masomo ya kila namna. Katika michezo, wanafunzi huinua mikono wakifanya ishara ya sururu, na juu ya mlima karibu na uwanja wa mpira imechorwa herufi M kubwa ionekanayo kutoka mbali. Majengo yenyewe ni ya ajabu, kwa maana yamejengwa kwa mtindo wa Bhutan, nchi ndogo ya milima ya Himalaya, yenye mapaa mapana na kuta zilizoinama kidogo. Mke wa mkuu wa kwanza wa chuo, Bibi Kathleen Worrell, aliona picha za nchi hiyo katika gazeti mwaka ule ule wa 1914, akaona kwamba majengo ya namna ile yatafaa katika milima ya El Paso.

Jina la chuo lilibadilika mara kadhaa. Tangu mwaka 1949 kiliitwa Texas Western College, na mwaka 1967 kikapata jina la sasa. Katika habari za mwaka 1966 nitatumia jina la Texas Western.

Sasa hatuna budi kukumbuka hali ya nchi siku zile. Katika majimbo ya kusini mwa Marekani, watu weusi walitengwa na weupe kwa sheria, katika shule, katika mabasi, katika hoteli na hata penye bomba la maji. Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani ilikata hukumu kwamba kutenganisha watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba. Lakini hukumu iliyoandikwa ni jambo moja, na mlango uliofunguliwa ni jambo jingine. Mwaka ule ule, msichana mweusi wa El Paso, Thelma White, aliyekuwa wa kwanza katika darasa lake katika shule ya watu weusi iitwayo Douglass, aliomba nafasi Texas Western akakataliwa kwa ajili ya rangi yake. Alikwenda mahakamani, na mwaka 1955 kesi yake ikaufungua mlango wa chuo. Mwaka uliofuata, 1956, Charles Brown akawa mchezaji wa kwanza mweusi katika timu ya mpira wa kikapu ya chuo hicho.

Tazameni mpango wa mambo hayo. Kabla ya mchezaji kuingia uwanjani na mpira, alitangulia mwanafunzi aliyedai haki ya kuingia darasani. Watu humkumbuka mfungaji wa kikapu, nao wakamsahau binti aliyekwenda mahakamani. Sisi tusimsahau.

3. FAINALI YA MWAKA 1966

Mwaka 1961 chuo kilipata kocha mpya wa mpira wa kikapu, Bwana Don Haskins. Alikuwa mtu mkali, mwenye kuwafanyisha vijana mazoezi magumu, hasa ya kuzuia. Chuo kilikuwa kidogo na fedha zake chache, naye alitafuta wachezaji mahali ambapo vyuo vikubwa vya kusini havikutaka kutafuta, yaani miongoni mwa vijana weusi wa New York, Detroit, Gary na Houston.

Katika msimu wa 1965–66 timu yake ilikuwa na wachezaji 12. Saba walikuwa weusi, wanne weupe, na mmoja alikuwa wa asili ya Meksiko. Walishinda mechi moja baada ya nyingine, wakashindwa mara moja tu, na Chuo cha Seattle, kwa vikapu vya dakika za mwisho: 74 kwa 72. Kisha wakaingia katika mashindano ya taifa. Cincinnati waliwashinda kwa 78 kwa 76 baada ya muda wa nyongeza. Kansas waliwashinda kwa 81 kwa 80 baada ya muda wa nyongeza kuongezwa mara mbili. Utah wakafungwa 85 kwa 78. Hivyo wakafika fainali.

Wapinzani wao katika fainali walikuwa Kentucky, chuo chenye sifa kuliko vyote katika mchezo huo. Kocha wao, Adolph Rupp, alikuwa amekwisha kuchukua ubingwa wa taifa mara nne. Wachezaji wake wote walikuwa weupe. Mechi ilichezwa tarehe 19 Machi 1966 katika ukumbi wa Chuo Kikuu cha Maryland, karibu na mji mkuu wa Washington.

Bwana Haskins aliwaanzisha vijana watano weusi: Bobby Joe Hill, Orsten Artis, Willie Worsley, Harry Flournoy na David Lattin. Wengine wawili, Nevil Shed na Willie Cager, waliingia baadaye. Katika fainali ile hakuna mwingine aliyecheza upande wao ila hao saba. Haijapata kutokea kabla ya siku hiyo timu ianze fainali ya taifa na watu weusi watano. Vyuo vingine vilikuwa na wachezaji weusi kabla yao. Chuo cha Loyola cha Chicago, kwa mfano, kilichukua ubingwa mwaka 1963 kikianza na wanne. Lakini watu wengi wenye ubaguzi walisadiki kwamba weusi watano pamoja, bila mweupe wa kuwaongoza, watapoteza akili mchezo ukiwa mgumu.

Yaliyotokea yalikuwa kinyume kabisa. Bobby Joe Hill, kijana mfupi kuliko wengi uwanjani, aliwanyang'anya mpira walinzi wa Kentucky mara mbili mfululizo katika muda wa sekunde chache, na mara zote mbili akaenda kufunga. Alimaliza mechi akiwa na pointi 20. Kentucky hawakupata tena kuongoza kipindi cha pili chote. Na tuangalie hesabu ya mitupo ya adhabu, kwa maana mitupo hiyo ndiyo hupima utulivu wa mchezaji: hapo hakuna mbio wala msukumano, mtu husimama peke yake mbele ya kikapu huku maelfu wakimpigia kelele. Texas Western walitupa mara 34 wakafunga 28. Basi waliodhaniwa kwamba watababaika hawakubabaika. Mwisho wa mechi ilikuwa Texas Western 72, Kentucky 65.

Bwana Haskins alisema tena na tena, mpaka uzee wake, kwamba hakukusudia kufanya mapinduzi. Alitaka kushinda tu, akawachezesha watano walio bora. Maneno hayo yafaa tuyapime vizuri. Mtu hakuhitaji kuwa nabii ili kutenda haki siku ile. Ilitosha awatazame wachezaji wake kwa macho ya kweli na kumpa kila mmoja nafasi kwa kadiri ya uwezo wake.

Mabadiliko hayakuja siku ya pili yake. Katika shirika la vyuo vya kusini ambamo Kentucky walicheza, mchezaji wa kwanza mweusi wa mpira wa kikapu, Perry Wallace wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, aliingia timu ya kwanza katika msimu wa 1967–68. Kentucky wenyewe hawakuwa na mweusi katika timu yao ya kwanza mpaka msimu wa 1970–71. Lakini baada ya ile fainali, kocha wa kusini aliyewakataa vijana weusi alijua kwamba anakataa pia kushinda. Mwaka 2007 timu nzima ya 1966 iliandikwa katika Jumba la Heshima la mpira wa kikapu.

4. MIAKA MIWILI BAADAYE

Kama tungeishia hapo, somo lingekuwa tamu lakini lingekuwa nusu. Chuo kilichopewa sifa kwa wachezaji weusi kiliwatendeaje wachezaji hao nje ya uwanja?

Mwezi wa Aprili 1968, Martin Luther King aliuawa, na huzuni ikaenea kati ya Wamarekani weusi. Mwezi huo huo timu ya riadha ya El Paso ilitakiwa kwenda kushindana na Chuo Kikuu cha Brigham Young, kilicho mali ya kanisa la Wamormoni. Kanisa hilo siku zile halikuwakubali watu weusi katika ukuhani wake, nalo halikuibadili kanuni hiyo mpaka mwaka 1978. Wanariadha weusi wa El Paso walisema kwamba dhamiri zao haziwaruhusu kushindana huko. Chuo kiliwaondoa katika timu, wakapoteza msaada wao wa masomo.

Mmoja wao alikuwa Bob Beamon, bingwa wa kuruka mbali. Alibaki bila timu wala kocha wa chuo katika mwaka wenyewe wa Olimpiki. Alisaidiwa na mpinzani wake, Ralph Boston, aliyekuwa bingwa wa Olimpiki wa mwaka 1960. Tarehe 18 Oktoba 1968, katika mji wa Mexico, Beamon alikimbia, akaruka, akatua mbali kiasi cha kwamba chombo cha kupimia hakikufika. Ilibidi waamuzi walete utepe wa kupimia. Ilikuwa mita 8.90. Rekodi ya dunia iliyokuwapo ilikuwa mita 8.35, kwa hiyo aliipita kwa sentimita 55 kwa mruko mmoja! Rekodi yake ilidumu mpaka mwaka 1991, Mike Powell aliporuka mita 8.95 mjini Tokyo.

Mwaka huo huo wa 1968 gazeti la Sports Illustrated lilichapa mfululizo wa makala juu ya wachezaji weusi wa Marekani, na El Paso ikatajwa sana. Wachezaji walilalamika kwamba walishangiliwa uwanjani na kudharauliwa mjini, na kwamba watu walijali zaidi wakati wao wa mbio kuliko maendeleo yao darasani. Wakubwa wa chuo waliyapinga baadhi ya maneno hayo. Lakini swali lenyewe lilikuwa limekwisha kuulizwa mbele ya taifa zima: je, chuo kinatimiza mapatano?

Hapo twajifunza kwamba timu yaweza kuvunja ukuta mmoja na kuacha mwingine umesimama. Kushinda pamoja si sawasawa na kuheshimiana. Mchezaji anayepigiwa makofi akifunga, lakini asisikilizwe akisema, huyo bado ni mtumishi, si mwanachuo.

5. WAKIMBIAJI WA AFRIKA YA MASHARIKI

Katika miaka ya 1970, chini ya kocha Ted Banks, chuo kikaanza kutafuta wakimbiaji katika nchi za nje, na hasa Afrika. Vijana wa Kenya na Tanzania walifika El Paso, na pamoja nao Waafrika wa nchi nyingine. Nchi ile ya juu yenye hewa kavu haikuwa ngeni sana kwa mapafu ya watu waliokulia nyanda za juu. Jambo geni lilikuwa umbali wa nyumbani.

Ili tuelewe walichofanya, yafaa kwanza tujue jinsi mbio za nyika zinavyohesabiwa. Kila chuo huleta wakimbiaji saba, na watano wa kwanza kufika ndio wanaohesabiwa. Anayefika wa kwanza hupata alama 1, wa pili alama 2, na kuendelea. Alama za watano hujumlishwa, na chuo chenye jumla ndogo ndicho kinachoshinda. Timu ikichukua nafasi tano za mbele zote, jumla yake ni 1 + 2 + 3 + 4 + 5, yaani 15, na hakuna jumla ndogo kuliko hiyo.

Sasa tazameni maana ya hesabu hiyo. Mwaka 1976 na mwaka 1979, aliyefika wa kwanza katika ubingwa wa vyuo alikuwa Henry Rono, Mkenya wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, yule aliyevunja rekodi nne za dunia katika mwaka mmoja wa 1978. Lakini mara zote mbili ubingwa wa timu ulikwenda El Paso. Bingwa mmoja, hata awe hodari namna gani, hupata alama yake moja tu. Ushindi wa timu hutegemea yule wa nne na yule wa tano, ambao magazeti hayawaandiki. Mwaka 1981 El Paso walishinda kwa jumla ya alama 17, wakakosa alama mbili tu kufikia ukamilifu.

Kati yao alikuwako Suleiman Nyambui wa Tanzania. Alishinda mbio za mita 10,000 za vyuo vya Marekani miaka minne mfululizo, tangu 1979 hata 1982. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1980, aliivaa jezi ya nchi yake katika Olimpiki ya Moscow, akapata medali ya fedha katika mita 5,000 nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia, wakiachana kwa muda usiofika sekunde moja. Baadaye alishinda marathoni ya Berlin mara mbili, mwaka 1987 na 1988. Na katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Brisbane mwaka 1982, Watanzania wawili waliopitia El Paso, Gidamis Shahanga na Zakaria Barie, walifika wa kwanza na wa pili katika mita 10,000.

Jumla ya ubingwa wa taifa wa NCAA uliochukuliwa na chuo hiki ni 21: mmoja wa mpira wa kikapu, saba wa riadha ya ndani ya ukumbi, sita wa riadha ya uwanjani, na saba wa mbio za nyika. Hivyo 20 kati ya 21 ni wa riadha. Mtu akiuliza ni nani walioujaza ukumbi wa vikombe wa El Paso, hawezi kujibu bila kutaja Afrika.

Hata hivyo manung'uniko hayakukosekana. Baadhi ya Wamarekani walisema si haki mtu wa miaka 26 kukimbia na vijana wa miaka 18. Nyambui, kwa mfano, alizaliwa mwaka 1953. Wengine walijibu kwamba Mwafrika wa siku zile alichelewa shule kwa sababu shule zilikuwa chache, wala si kwa hila. Baadaye kanuni za umri zilikazwa. Pande zote mbili zilikuwa na neno lao, lakini ugomvi huo ulikuwa juu ya nani ashinde. Ni wachache walioulizana kama wakimbiaji hao wanapata elimu waliyoahidiwa.

Njia hiyo haijafungwa. Paul Ereng wa Kenya, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Virginia aliposhinda dhahabu ya mita 800 huko Seoul mwaka 1988, alikwenda El Paso kuwafundisha wakimbiaji. Emmanuel Korir, aliyeikimbilia El Paso mwaka 2017 na kushinda mita 800 za vyuo, alipata dhahabu ya mbio hizo hizo katika Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021.

Wasichana nao wasidhani kwamba habari hizi ni za wavulana peke yao. Mwaka 1972 Marekani ilitunga sheria ya kukataza ubaguzi wa wanawake katika shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali. Tangu hapo vyuo vimelazimika kuwapa wanawake timu, makocha na misaada ya masomo, na mabinti wengi wa Afrika wamesomeshwa kwa njia hiyo.

6. MAMBO YATUPASAYO SISI

Miongoni mwetu tunaosoma gazeti hili wako wenye mbio, na siku moja huenda mgeni mwenye saa ya kuhesabia sekunde akaja kuwatazama. Mwanafunzi wa namna hiyo afanyeje?

Kwanza, asome. Chuo cha Marekani hakimpokei mchezaji kwa miguu peke yake. Hutazama vyeti vyake vya sekondari, na akishafika hana budi kuchukua masomo kamili ya kila muhula na kufaulu kiasi kilichowekwa, la sivyo hatapewa jezi. Anayeacha vitabu kwa ajili ya mazoezi huipoteza mbio kabla ya kuianza.

Pili, ayasome mapatano kabla ya kutia sahihi, na mzazi au mwalimu ayasome pamoja naye. Aulize: Msaada huu ni wa mwaka mmoja au zaidi? Nikiumia mguu, nitaendelea kusomeshwa? Nitaruhusiwa kusoma somo nilitakalo, au lile tu lisilogongana na mazoezi? Wangapi kati ya waliotangulia wamepata shahada? Kuuliza si utovu wa adabu. Kuuliza kungo'oapo meno ndiko kubaya, nasi tunauliza penye haki yetu.

Tatu, akumbuke kwamba miaka ya kuchezea chuo ni michache. Hata walio hodari kabisa huondoka wakiwa bado vijana, na mbele yao kuna miaka 40 ya kazi. Bob Beamon alirudi darasani katika chuo kingine, Adelphi cha New York, akapata shahada yake mwaka 1972. Mruko wake ulipitwa mwaka 1991, lakini shahada yake hakuna awezaye kuipita.

Nasi tusiokwenda mbali tuna wajibu wetu hapa hapa. Tunapochagua timu ya shule, je, tunawachagua walio bora, au tunamwacha mmoja nje kwa sababu ya kabila lake, dini yake au umaskini wa nyumba yao? Tunapomshangilia mshindi siku ya Jumamosi, je, Jumatatu tunamsaidia hesabu zilizompita alipokuwa safarini kutuchezea? Timu ambayo haiwezi kujibu maswali hayo vizuri, hata ikileta kombe, bado ina deni.

MASWALI

1. Eleza tofauti kati ya michezo ya kujifurahisha na timu ya chuo. Katika msaada wa masomo, kila upande unatoa nini na kupokea nini?

2. Kwa nini mwandishi anamtaja Thelma White kabla ya Charles Brown?

3. Texas Western walitupa mitupo ya adhabu 34 wakafunga 28. Tafuta ni asilimia ngapi. Hesabu hiyo inajibu dhana gani mbaya ya siku zile?

4. Timu ya mbio za nyika imepata jumla ya alama 17. Wakimbiaji wake watano waliweza kufika katika nafasi zipi? (Yako majibu mawili. Yatafute yote.)

5. Wanariadha waliokataa kwenda Brigham Young mwaka 1968 walifanya vema au vibaya? Toa hoja za pande zote mbili, kisha useme lako.

6. Andika barua kwa kocha wa chuo cha ng'ambo aliyekuahidi msaada wa masomo. Mshukuru kwa heshima, kisha umuulize maswali manne unayotaka yajibiwe kabla hujatia sahihi.